Mwalimu mgeni Lamu: namna ya kuendesha kipindi bila kukaukwa na koo

Kila muhula ukifunguliwa hushuka gatini mwalimu mmoja au wawili wapya, begi mgongoni, barua mfukoni, punda wakiwapita ubavuni. Kuna wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, aliyemaliza chuo juzi, kuna aliyeletwa kwa mazoezi ya kufundisha, kuna aliyehamishwa kutoka bara. Wiki ya kwanza wote hutabasamu. Wiki ya pili huanza kunijia barazani mmoja mmoja baada ya magharibi, na maneno ni yale yale: "Mwalimu, hawa watoto hawanisikizi." "Nimemaliza mada nzima, wote walisema wamefahamu, nimewapa jaribio wameanguka." "Nikiuliza swali hujibu wale wale watatu." "Sauti imenikauka."

Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, sasa nayaandika. Nadharia unayo kwenye cheti chako, sitakurudishia. Haya ni mambo ya mikono na miguu: usimame wapi, useme nini, unyamaze wakati gani. Nimefundisha visiwani, madarasa ya watoto 40 hadi 60, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku. Mwalimu wa Malindi naye akisoma hatapotea.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Orodha ya majina uliyoiandika kwa mkono wako. Usiikopi tu kutoka rejista. Darasa moja huku laweza kuwa na kina Mohamed watano na kina Fatma wanne, kwa hiyo uliza wenyewe wanaitanaje. Ukimwita mtoto kwa jina analoitwa kwao, nusu ya utundu umeisha.
- Mkebe mtupu wa maziwa ya unga na vipande vya karatasi, kila kimoja na jina la mwanafunzi.
- Vibao vidogo vya plaiwudi, ukubwa wa daftari, vilivyopakwa rangi nyeusi. Seremala havitupi vipande vyake, lakini ukimwendea na salamu atakukatia. Kibao kimoja kwa watoto wawili chatosha. Vitambaa vya kufutia viletwe na watoto.
- Vitu vya kuhesabia: vifuniko vya soda, kauri, kokwa za ukwaju. Bei yake ni kuinama tu.
- Daftari moja ambalo ni lako peke yako, la kuandika makosa ya watoto. Nitalieleza.
- Saa ya mkononi. Simu haifai, ukiitoa kutazama saa utajikuta umejibu ujumbe.
- Kama wewe au wanafunzi wako huvuka maji, jua mwezi uko wapi. Bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) vina mkono katika nani atafika saa ngapi.

Andalio la somo na azimio la kazi (mpango wa muhula) sivihesabu, hivyo utaulizwa na mwalimu mkuu upende usipende.

Kipindi chenyewe

Madarasa ya juu ya msingi hupewa dakika 35, ya chini 30. Nitatumia 35. Mimi huzigawa hivi: 4 za maswali ya kuanzia, 2 za kusema leo tunafanya nini, 8 za kuonyesha, 8 za kufanya pamoja, 9 za wao kufanya wenyewe, 4 za kufunga. Ukihesabu utaona mwalimu anasema peke yake kwa dakika kumi tu. Walimu wengi wapya husema kwa dakika 30, ndipo koo linapokauka.

1. Maswali matatu yawe ubaoni kabla hawajaingia. Moja la jana, moja la wiki jana, moja la mwezi uliopita. Mtoto akiingia anakaa na kuanza. Hakuna "haya kaeni, haya nyamazeni, haya toeni vitabu". Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika tangu 1885 jinsi binadamu anavyosahau haraka kile asichokirudia, na kwa kweli hatukuhitaji Mjerumani kutwambia. Aliyesoma chuo cha Qurani anajua kwamba huendi sura mpya mpaka uisome ya jana mbele ya maalim.

*Angalia:* maswali haya hayana alama. Siku utakayoyapa alama, watoto wataanza kuibiana, na wewe utakuwa umejipunja habari uliyoitaka.

2. Chagua desturi mbili, uzizoeze kama kwaride. Mbili tu. Yangu ni ishara ya kunyamaza na namna ya kugawa madaftari. Ishara: mimi hupiga makofi mawili, wao hujibu matatu, kisha mikono mezani. Tunaizoeza siku ya kwanza mara kumi, kwa mchezo, mpaka wacheke. Madaftari hugawiwa na viongozi wa safu, kutoka mbele kwenda nyuma, na tunapima kwa saa. Darasa langu moja lilitoka dakika tano likafika sekunde hamsini, na wakawa wanataka kuivunja rekodi yao kila siku.

*Angalia:* usizungumze juu ya kelele. Ukipaza sauti mara moja, kesho watasubiri upaze zaidi. Toa ishara, simama, ngoja. Kungoja kunauma mwanzoni, sekunde ishirini zaonekana kama saa nzima.

*Angalia tena, na hili si la mjadala:* kiboko hakuna. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeharamisha adhabu ya viboko na ya kumdhalilisha mtoto. Mzazi atakayekwambia "mchape tu mwalimu, nimekuruhusu" hana ruhusa hiyo ya kukupa. Na hata sheria ukiiweka kando, mtoto anayeogopa hataonyesha kosa lake, na makosa ndiyo malighafi ya kazi yetu.

3. Sema lengo kwa sentensi moja. "Leo kila mtu atatoka hapa anajua kujumlisha nusu na theluthi." Basi. Ukihitaji sentensi tatu, una vipindi vitatu.

4. Nionyeshe, tufanye, nifanye. Nenda Matondoni ukakae kwa mafundi wa majahazi asubuhi moja. Utamwona fundi akilichonga taruma, ule ubavu wa jahazi, kijana kasimama pembeni, hagusi kitu. Kisha fundi atamshikisha tezo, naye mkono wake uko karibu, "hapa, usizamishe, igeuze". Baadaye kabisa ndipo kijana ataachwa na ubao wake, na fundi ataenda kunywa kahawa huku anamtazama kwa jicho la pembeni. Hatua ni tatu na haziruki.

Darasani sisi huruka ile ya kati. Tunaonyesha mfano mmoja ubaoni, tunageuka, "haya fanyeni namba moja hadi kumi". Hapo ndipo mikono kumi huinuka kwa pamoja na wewe unaanza kukimbia huku na huku kama mtu aliyefungua kuku. Dakika nane za kufanya pamoja ni hizi: wewe unaandika swali, wao wanakwambia hatua ya kwanza, unaiandika, wanakwambia ya pili. Swali linalofuata wanaandika kwenye vibao hatua moja moja, wanakuonyesha. Ukiona robo tatu ya vibao viko sawa, waachie. Havijawa sawa, rudia mwingine. Muda ukiisha hapo, uishe.

Ukiwa unaonyesha, sema kwa sauti yale unayoyafikiri: "Hapa mimi najiuliza, hawa wawili wana asili moja, yaani namba ya chini ni moja? Hawana. Basi siwezi kujumlisha bado." Mtoto huona mkono wako ukiandika, kichwa chako hakioni.

5. Jifunze upya kuuliza. Nikilazimika kukufundisha jambo moja tu, ningekufundisha hili, kwa hiyo soma polepole.

Futa kwanza neno "Mmefahamu?" mdomoni mwako. Huku ukiuliza "Mmefahamu?" utajibiwa "Tumefahamuuu!" kwa sauti moja nzuri kama kasida, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Wamekujibu kwa adabu. Mwalimu ni mkubwa, na mkubwa haambiwi usoni kwamba maneno yake hayajaingia. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha hesabu za sehemu, kina nusu na theluthi, wiki tatu nzima kwa njia hiyo. Kila siku "Mmefahamu?", kila siku "Tumefahamu!" Nikaringa barazani. Mtihani ulipokuja, darasa la watoto 47 walipata swali la kwanza la sehemu watoto sita. Nikaona haya kuwatazama, kwa sababu kosa halikuwa lao.

Badala yake:

Uliza swali kwanza, nyamaza, kisha taja jina. "Nusu na theluthi, ipi kubwa?" Kimya. Moja, mbili, tatu, hesabu moyoni. Halafu: "Swaleh." Ukitaja jina mwanzo, "Swaleh, nusu na theluthi ipi kubwa?", wale wengine 46 wameshafunga duka. Jina likija mwisho, wote wamelazimika kufikiri.

Ule ukimya wa sekunde tatu usiudharau. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliwasikiliza walimu katika miaka ya 1970 akakuta wengi wao hungoja takriban sekunde moja tu kabla ya kujijibu wenyewe au kuhamia mtoto mwingine. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Mimi huhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, kwa sababu mdomo wangu una haraka kuliko akili yangu.

Usichague aliyeinua mkono. Aliyeinua mkono anajua, umeshajua kwamba anajua. Chota jina mkebeni. Waambie mapema kwamba hii si mtego: jina lako likitoka na huna jibu, sema "bado", nami nitakwenda kwa mwingine, kisha nitarudi kwako. Na urudi kweli. Mtoto akisema "bado", mwenzake akajibu, mgeukie yule wa kwanza: "Haya, wewe sasa, ipi kubwa na kwa nini?" Usiporudi, wote watajifunza kwamba "bado" ni njia ya kutorokea. Jina likishatoka lirudishe mkebeni, la sivyo aliyejibu ataanza kulala.

Vibao tumia kwa yale yenye jibu fupi. "Andikeni. Geuzeni vibao chini. Nikihesabu tatu, juu!" Wote wainue kwa pamoja, ili asiwepo wa kuchungulia. Kwa sekunde tano umeliona darasa zima, jambo ambalo kwa mikono ya kuinuliwa lingekuchukua wiki.

*Angalia:* hili litakuchekesha kisha litakuuma. Mara ya kwanza kuinua vibao utakuta nusu ya waliosema "tumefahamu" hawakufahamu. Usikasirike usoni. Ukikunja uso, mara ya pili wataandika jibu la jirani.

6. Kosa usilifute haraka. Nilikuwa na Gredi ya sita, tunajumlisha nusu na theluthi. Vibao vilipopanda, kumi na tisa vilikuwa na 2/5. Unajua lilikotoka: moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Ningeweza kusema "si hivyo" na kuandika 5/6. Wangeinakili, na kesho wangeandika 2/5 tena.

Nilimwita msichana mmoja mbele, nikachora mkate wa sinia mviringo ubaoni, nikamwuliza: "Mama amekupa nusu ya mkate. Umekula. Akakuongeza theluthi. Umekula tena. Umezidi nusu au hujafika?"

"Nimezidi, mwalimu."

"Hii mbili ya tano, imezidi nusu?"

Akatazama kibao chake. Nikahesabu vidole nyuma ya mgongo. Akasema, polepole, "Mkate ukikatwa vipande vitano, nusu ni viwili na kitu... hii haijafika." Kisha akajicheka mwenyewe: "Nimekula mara mbili nikazidi kuwa na njaa!" Darasa likavunjika kwa kicheko. Ndipo tukaukata mkate vipande sita. Nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, vyote vitano kati ya sita. Kitabu cha hisabati kimeandikwa Kiingereza, sawa, na majibu waliyaandika kwa Kiingereza, lakini mkate tuliukata kwa Kiswahili.

Kazi ya lile daftari lako la makosa ndiyo hii. Jioni andika: "2/5, vibao 19, wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini." Mwaka ujao, kabla ya kufundisha mada ile, fungua ukurasa huo. Watoto ni wapya, kosa ni lile lile. Baada ya miaka mitatu daftari hili litakufaa kuliko vitabu vya mwongozo vyote ulivyonavyo.

7. Zunguka ukiwa na kalamu. Zile dakika tisa za kufanya wenyewe si zako za kukaa. Anzia kwa wale unaojua watakwama, si kwa walio mbele. Weka tiki kwa kila hatua iliyo sawa, na palipokosewa weka nukta tu, useme "angalia hapa" na uende zako. Ukirudi akiwa amejisahihisha, hilo limeingia. Ukimwandikia wewe jibu, umejifundisha mwenyewe.

Na ukisahihisha insha, chagua kosa la aina moja kwa wiki. Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi, hufungwa.

8. Funga kwa swali la mlangoni. Dakika nne za mwisho kila mmoja ajibu swali moja kwenye kikaratasi, akupe akitoka. Usizisahihishe kwa alama. Zigawe mafungu matatu juu ya meza: wanajua, wanakaribia, hawajui. Itakuchukua muda wa kikombe kimoja cha chai. Fungu la tatu likiwa kubwa kuliko la kwanza, andalio la kesho lichane. Kesho unarudia kwa mlango mwingine. Likiwa na watoto watano, waite hao watano wakati wa mapumziko. Karatasi ni ghali, najua. Kata ukurasa vipande vinane, au tumia upande wa pili wa mitihani ya zamani.

Na ukikabidhiwa timu ya mpira

Utakabidhiwa. Mwalimu kijana mgeni hakosi kupewa mpira, hata kama hajawahi kuupiga. Usiogope, mbinu ni zile zile. Onyesha pasi, fanyeni pamoja, waachie. Rekebisha kitu kimoja kwa zoezi moja: leo ni kutuliza mpira kwa ndani ya mguu, hayo ya kukimbia na kupiga shuti yaache yapite. Makosa makubwa ya makocha wapya ni mawili, kupiga kelele mchezo mzima kutoka pembeni na kuwapanga watoto foleni ndefu mbele ya mpira mmoja. Katika foleni ya watoto ishirini, kila mmoja hugusa mpira mara chache tu kwa nusu saa. Gawa makundi ya wanne wanne, hata kwa mipira ya makaratasi na kamba. Chezeni ufukweni maji yakipwa, mchanga mgumu uliolowa ni uwanja mzuri kuliko ule wa shule wenye mawe. Ila ujue maji yanarudi saa ngapi.

Ukikwama

*Wanasinzia asubuhi.* Usiseme ni wavivu kabla ya kuuliza. Wengi wametoka chuo cha Qurani alfajiri, na wengine hawakupata hata mahamri. Kipindi cha kwanza kiwe cha kusimama na kuandika, si cha kusikiliza. Mwezi wa Ramadhani geuza ratiba kama unaruhusiwa: somo gumu lije mapema, mchana uwe wa kusoma kimya. Februari na Machi, joto la kaskazi likiwa chini ya mabati, nimewahi kulihamishia darasa chini ya mwembe na halikuharibika kitu.

*Mvua inapiga mabati, hakuna anayenisikia.* Hutaishinda mvua ya masika kwa koo. Siku hizo weka tayari kazi ya kuandika ubaoni, vibao na ishara za mikono. Mimi huwa na mafungu ya maswali ya akiba kabatini kwa ajili ya mvua tu.

*Sielewi wanachosema.* Wewe umekuja na Kiswahili cha vitabuni, wao wana Kiamu cha kwao. Mwalimu mmoja kijana alimsikia mtoto mlangoni akimwita mwenzake "Ndoo! Ndoo!" akageuka kutafuta ndoo ya maji. Alikuwa anamwambia "njoo". Mwingine alishtuka mpaka akaja mbio ofisini, mtoto amemshtakia kwamba mwenzake "yuwaniteka". Hakuna aliyetekwa. Anamcheka, basi. Mtoto akikwambia "yua laningia matoni", msogeze kutoka dirishani, jua linamwingia machoni. Akiandika "mtele" kwenye insha, usimkate kwa wino na kumwambia hajui Kiswahili, maana hicho ndicho Kiswahili kilichotungiwa tenzi hapa kwa karne kadhaa. Mwambie: "Nyumbani tunasema mtele, kwenye mtihani tunaandika mchele." Mpe safu mbili daftarini, ya nyumbani na ya mtihani, ajaze mwenyewe. Ataipenda, na wewe utajifunza.

*Wapo Gredi ya tano hawajui kusoma.* Wapo, na si wachache. Usiwape kitabu cha Gredi ya tano ukitumaini muujiza. Keti na kila mmoja dakika mbili: anajua herufi? Silabi? Neno? Aya? Wapange kwa hicho wanachokijua, si kwa umri, na uwape dakika ishirini kila siku, wenye aya wakiwasomesha wenye silabi. Chuoni mkubwa amekuwa akimsomesha mdogo tangu zamani, kwa hiyo hakuna atakayeona ajabu. Linda heshima yao tu: makundi usiyaite "ya kwanza" na "ya mwisho". Yangu niliyapa majina ya vijiji vya huku, Shela, Kipungani na Kizingitini, na kila kundi liliamini lake ndilo bora.

*Yuko mmoja anayejua kila kitu na anajibu kabla sijamaliza.* Mkebe utamtuliza. Mpe pia kazi ya kutunga: "Tunga swali ambalo wenzako watalikosea, uniambie kwa nini watalikosea." Hilo litamkalisha.

*Mwalimu mkuu anasema niko nyuma ya azimio la kazi.* Mwonyeshe yale mafungu matatu ya vikaratasi. Usibishane kwa maneno, weka karatasi mezani. Mwingi wa uzoefu ataelewa. Asipoelewa, songa mbele na mada mpya lakini yale maswali matatu ya kuanzia yajaze mada ile iliyobaki nyuma, utaifundisha kidogo kidogo dakika nne kwa siku.

*Nimefanya yote na bado kuna kelele.* Umefanya siku ngapi? Kama ni tatu, rudi uongeze. Kwangu desturi mpya huchukua wiki mbili mpaka tatu kushika, na hufumuka tena baada ya kila likizo, kwa hiyo izoeze upya siku ya kufungua bila kununa.

*Nimechelewa chombo, darasa liko peke yake.* Kwa wanaovuka maji hili litatokea. Maswali ya kuanzia yaandike jana yake kabla hujafunga mlango, na umfundishe kiranja kushika mkebe. Jumatatu moja nilikuwa narudi kutoka Faza tukapwelewa kwenye mkondo wa Mkanda, boti imekaa juu ya mchanga, nahodha kalala. Nilifika shuleni saa tatu unusu, viatu mkononi. Nilipochungulia dirishani, kiranja alikuwa mbele na mkebe wangu, swali ameshauliza, jina ameshatoa. Mtoto aliyeitwa amesimama anatazama juu ya dari. Na kiranja amefumba mdomo, mkono mmoja nyuma ya mgongo, anakunja vidole kimoja kimoja.